Skrubu Iliyonyooka

Fundi aliviringisha skrubu ya tatu ya sokoni juu ya kioo cha meza. Ikayumba kama mlevi. Plastiki ya kuchongea vipuri vingine alishaipata kwa bei ya kutupa, vibao vikuukuu vya kukatia mboga. Mashine aliyojiundia, ya kuchonga mbao kwa kompyuta, ilikuwa imepungukiwa skrubu moja tu, ndefu, iliyonyooka.

“Hiyo nayo imepinda,” baba yake alisema kutoka kitandani. “Naisikia. Ya kitanda changu imenyooka.”

Fundi aliijua. Ndiyo iliyoinua upande wa kichwani wa kitanda, na mgongo wa mzee, maana daktari alishaonya: akilazwa chali, atakosa pumzi.

“Baba, usinitie majaribuni.”

Mzee aliutazama mkono wa bintiye.

“Na hiyo spana uliyoishika tangu asubuhi, mwanangu, ni ya nini?” Akavuta pumzi. “Haya. Nilaze kwanza.”