Suruali ya Shujaa

Mzee Kasmir alipofika kwenye habari ya suruali, Padre Lazaro alijua ibada imemponyoka.

"Alikuwa ameianika mtini," mzee alisema kwenye kipaza sauti. "Suruali ya jeshi. Mwenyewe kajifunga kanga aliyoondoka nayo kwa mkewe, amechuchumaa anachemsha ndizi kwenye kopo. Bunduki ameiegemeza kule, mbali na moto."

Kanisa la kigango cha Pito likaangua kicheko. Mgeni rasmi, afisa aliyetumwa kutoka mjini kuja kuzindua jiwe la kumbukumbu ya Sebastiani, hakucheka. Aliitazama saa yake, kisha akamtazama Padre.

Ilikuwa Siku ya Mashujaa, na upepo wa Julai ulikuwa unapita kwenye madirisha kama mtu anayedai chake. Padre Lazaro alikuwa amehubiri vizuri, kwa maoni yake mwenyewe. Alimsifu Sebastiani, kijana wa Pito aliyekufa katika vita vya Kagera na mifupa yake ikabaki hukohuko. Akamfananisha na Malaika Mikaeli, upanga mkononi, Shetani chini ya kiatu. Hapo ndipo Bibi Rosina, mjane wa marehemu, aliposimama bila kuruhusiwa.

"Baba Padre, huyo malaika mimi simjui," alisema. "Mimi niliolewa na mtu. Kila mwaka mnamsifu, na kila mkimsifu mume wangu anazidi kunipotea. Kasmir alikuwepo. Aseme yeye."

Nani angemkatalia mjane mbele ya jiwe la mumewe?

Kasmir walimjua wote. Alifika Pito vita vilipokwisha, amekonda, mfukoni ana rozari ya Sebastiani, akiuliza nyumba ya Rosina. Alisema alikuwa na mumewe alipokufa. Rosina alilia, kisha akampikia. Msimu wa ulezi ulipofika Rosina alimkuta shambani kwake, jembe mkononi. Hakuondoka tena. Watu walisengenya mpaka wakachoka. Kwa lafudhi yake walimwita Mhaya, naye hakubisha. Wazee waliopigana vita walipoitwa mbele kupigiwa makofi, yeye alibaki kwenye benchi, na wanakigango wakasema ni unyenyekevu.

"Mzee wangu," Padre alimnong'oneza, "tuambie ushujaa wake."

"Nakuja huko, Baba. Alikuwa anaharisha."

Kwaya nzima ilijiinamia.

"Ndizi zile, jamani! Mfipa kazoea ugali wake. Huyo Malaika Mikaeli wako mlishe ndizi zisizoiva vizuri, uone kama upanga utanyanyuka."

"Ndiye huyo!" Bibi Rosina alipiga kelele, machozi yakimtoka kwa kucheka. "Tumbo lake hilo! Ndiye!"

Padre alimtazama. Katika ibada zote za kumwombea marehemu, hakuwahi kumwona mama huyu akimlilia mumewe hata chozi moja.

"Basi mimi nikatokea kichakani na bunduki yangu," Kasmir aliendelea, sauti imeshuka. "Nilikuwa nimepotezana na wenzangu, njaa inaniuma. Yeye naye yuko peke yake. Akanitazama, nikamtazama. Bunduki yake iko kule, suruali iko mtini. Angefanya nini? Akasema, 'Karibu chakula.'"

Waliokaa nyuma walisogea mbele.

"Nikaweka silaha chini, tukala. Akanieleza habari za Rosina mpaka nikachoka. Rosina hivi, Rosina vile, Rosina anakoroma."

"Mwongo!" alisema Bibi Rosina.

"Hata kopo hatujaosha, bomu likaja. Akaniangukia juu na kanga yake, kama gunia la ulezi. Nilipoamka nilikuwa mzima. Yeye hakuamka." Mzee alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mpaka leo, Baba, sijui kama alinikinga au aliteleza. Kila nikishika jembe najiuliza."

Padre Lazaro aliona nafasi yake imefika, akairukia.

"Alikukinga!" alisema, mikono juu. "Ndiyo upendo wenyewe aliotufundisha Bwana, ndugu zangu! Mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki!"

Makofi yakalia. Vigelegele vikapigwa. Hata mgeni rasmi alipiga makofi. Kasmir alisubiri yaishe, lakini hakurudi kwenye benchi.

"Kinachoniuma zaidi," alisema, "ni kwamba bomu lenyewe lilikuwa la kwetu."

Kigelegele kimoja cha nyuma kilikatika katikati. Mgeni rasmi alisimama, uso umekunjamana. Padre alihisi jasho likimtoka na baridi yote ile. Alianza kutafuta wimbo wa kuwaimbisha watu, wimbo wowote.

"Mzee, chunga ulimi wako," afisa alisema. "Kwa maneno kama hayo mimi jiwe sizindui. Unataka kuwaambia wananchi kwamba jeshi letu lilimuua kijana wetu?"

"Sijasema hivyo, mheshimiwa. Nimesema bomu la kwetu."

Bibi Rosina alitoka kwenye benchi lake, akapita polepole kati ya watu, akaenda kusimama kando ya Kasmir. Akamshika mkono.

"Sasa kwenu ni wapi?" afisa aliuliza. "Si hapahapa Pito?"

Mzee alimtazama Rosina. Rosina akatikisa kichwa kukubali.

"Hapa nilihamia tu, mheshimiwa," alisema Kasmir. "Kwetu ni Uganda."