Tendo la Tano

Katika rozari yetu ya redioni, msikilizaji hupiga simu na kusalisha, nami humwitikia nikiwa studio. Leo aliyepiga kusalisha tendo la tano alikuwa mume wangu, niliyemtoroka miaka mitatu iliyopita.

Nilimjua kwa kikohozi, kile kilichokuwa kikitangulia ngumi. Lakini ningemkatiaje simu, tuko hewani, watu wamepiga magoti majumbani?

"Salamu Maria," alianza, taratibu. Niliitikia mpaka "saa ya kufa kwetu", punje za rozari zikiniteleza kwa jasho.

Nyuma yake nilisikia sauti yangu ikijirudia. Nikamwambia kama tunavyowaambia wote: "Mpendwa msikilizaji, punguza redio yako."

"Siyo yangu, dada," alijibu kwa upole. "Ni ya hapa kwenu, mapokezi."