Kiwanda cha Ndugu

Kwa mujibu wa chati, mhasibu wa kiwanda cha magodoro alikuwa baba wa wafanyakazi wote wa ghala, wakiwemo wazee wawili waliokaribia kustaafu. Mhasibu mwenyewe hata ndevu zilikuwa hazijamkolea.

Binti aliitazama skrini huku amefumba jicho moja. Hiyo ilikuwa tabia ya Mzee, mkuu wa ofisi yao ya ushauri, kila anapokagua chati. Wenzake walishasema kwamba kwa kujipendekeza, mtoto huyu hajambo. Bosi akifumba jicho, naye anafumba. Bosi akiwahi kazini asubuhi, naye yumo mlangoni, kambebea mkoba.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisema. Mkurugenzi wa kiwanda, mama asiyecheka ovyo, alichoka na minong'ono kwamba watu wanaajiriana kindugu, akataka aoneshwe kwa picha. Binti na mwenzake aliyeitwa Miwani, wote wawili wakiwa kwenye majaribio, waliambiwa kila mmoja achore yake. Nafasi ya kudumu ilikuwa moja tu. Miwani alikuwa mkali wa kompyuta kuliko Binti, na Binti alilijua hilo vizuri mno. Kazi hii aliitaka kwa udi na uvumba.

Alikuwa amewauliza wafanyakazi swali moja: nani ni ndugu yako hapa? Wakamjibu kwa moyo mkunjufu. Kila mtu akawa nukta, kila undugu ukawa mstari, na chati ikatoka kama uzi uliochezewa na paka. Mlinzi alikuwa mjomba wa kila aliyepita getini. Mpishi wa kantini, bibi wa heshima zake, alikuwa na waume idara nzima ya ushonaji.

"Hii nini?" aliuliza Mzee, akiinama nyuma ya kiti chake.

"Undugu, baba."

"Hiyo ni adabu, mwanangu. Hapa ofisini nani haniiti baba?"

Binti akafikiri. "Hakuna."

"Hata mimi nakuita baba, baba," alisema Miwani kutoka meza ya pili.

"Umeona? Na mimi nyote nawaita wanangu. Yule wa usafi namwita dada, wakati dada yangu mimi hajawahi kushika fagio. Neno ambalo kila mtu anaitwa halitenganishi watu, kwa hiyo kwenye chati halina kazi. Lifute. Katafute swali linalobana."

Binti alirudi kiwandani na swali jingine: jioni ukitoka hapa, unarudi nyumba moja na nani?

Safari hii watu waliacha kucheka. Mlinzi alikohoa. Mpishi akakumbuka kwamba ana sufuria motoni. Lakini walijibu, mmoja mmoja, na Binti akachora upya. Nukta zikatulia, za kijivu, kila moja peke yake. Ukabaki mstari mmoja tu, akaupaka rangi nyekundu. Ulitoka kwa meneja wa ajira ukaenda kwa karani mpya wa ghala.

Siku ya kuwasilisha, Miwani alitangulia. Chati yake ilikuwa na rangi zote za duniani, tena ilizunguka. Mkurugenzi aliitazama ikizunguka, kisha akauliza inasema nini. Miwani akajibu kwamba inategemea.

Binti aliweka ya kwake, akasogea pembeni.

Meneja wa ajira, aliyekuwa amekaa karibu na projekta, alianza kujieleza kabla hajaulizwa. Kijana ni mchapakazi. Ana akili. Hata asingekuwa mwanawe angempa kazi ile ile.

"Huenda," alisema mkurugenzi. "Ila sasa hatutajua."

Meneja akatoka akiwa ameacha kalamu yake mezani. Binti alimhurumia kwelikweli. Macho yalimwasha, akainama akajifanya anakunja waya.

"Na huko kwenu mnafanyaje?" mkurugenzi alimuuliza Mzee walipokuwa wanaagana.

"Sisi, mama, tunamchukua anayeweza," alisema Mzee. "Basi."

Ofisini hakukuwa na hotuba. Mzee aliwaita wote wawili, akasema kazi ameipata Binti, akaongeza kwamba chati nzuri ni ile inayosema jambo moja likasikika. Miwani ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa mkono.

"Umestahili," alimwambia. "Lile swali lako lilikuwa kali. Mimi nisingelifikiria." Alisema bila kinyongo, na hilo lilimchoma Binti kuliko kama angenuniwa. Kisha Miwani akafungasha kikombe chake na chaja.

Mzee akamshika bega. "Usife moyo. Utapata kwingine, mwanangu."

"Asante, baba."

Jioni, kwenye maegesho, Mzee alitupa mkoba kiti cha nyuma, akawasha gari. Kando yake, Binti akafunga mkanda.

"Mpigie mama yako umwambie umepata kazi," alisema Mzee. "Halafu muulize, nyumbani mkate upo au tupitie dukani?"