Volti Nne

Siku Mwalimu Silima alipokutwa amekufa, mita iliyokuwa mezani pake bado ilisoma volti nne.

Alilala kifudifudi katika kichumba cha nyuma, nyumbani kwake Mtambile. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa vipande vya kanga, nyuma ya pazia zito lililokinga jua.

Kificho, bwana mifugo, alishika kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa akimgawia ile naitrojeni ya maji wanayohifadhia mbegu za ng'ombe, na kila mara alimwonya: "Dirisha usilizibe, Mwalimu. Hii hainuki, lakini inamaliza hewa." Silima hakuwahi kulisahau hilo.

Majirani waliicheka kazi yake. "Unagandisha hewa, Mwalimu, na samaki wetu wanaoza," alimtania Jaribu, mvuvi. Silima alieleza kwa upole. Mvuke wa spiriti ukigandishwa juu ya bati lililopozwa kwa naitrojeni ile, hufanya utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Molekuli zake hujipanga zenyewe, kama watu kwenye safu ya sala, na umeme hutokea bila betri. Ila kila alipojaribu, unyevu ulipenya dirishani, ukaganda juu ya utando, na volti zikashuka hadi sifuri. Miaka mitatu, sifuri. Jioni ya mwisho alimwambia mkewe, Laila, kwamba kesho atajaribu mara moja tu, kisha basi.

Watu wakajumlisha wenyewe. Mtu anaijua hatari, amekata tamaa, na dirisha limezibwa. Alisaliwa, akazikwa, lakini waliokuja kwenye hitima walikuwa wachache.

Bi Mwatum, mama wa marehemu, alimuuliza Laila mara moja tu: "Mwanangu, alikwambia kachoka na dunia?"

Laila akatazama mkeka.

Daftari la Silima liko chini ya godoro la Laila. Hajamwonyesha mtu. Mstari wa mwisho uliandikwa asubuhi ile: "Leo haishuki. Sijui kwa nini."

Laila anajua. Alfajiri ile, mumewe alipokwenda msikitini, yeye alichana kanga yake, akaingia nyuma ya pazia, akaziba dirisha. Alitaka amfurahishe.

Eda inaisha Ijumaa. Bi Mwatum hamtaji tena mwanawe.