Kanga Kwenye Kiti cha Basi

Saumu alikubali kupimwa kwa sababu basi la kwenda Mtae lilikuwa bado halijajaa. Alishatandika kanga yake kwenye kiti cha dirishani kushika nafasi, kisha akarudi hospitali kumridhisha daktari wa utafiti, binti aliyekuwa akiwabembeleza wajawazito waliowahi kujifungua kwa kupasuliwa wamruhusu apime makovu yao. Saumu alishapasuliwa mara mbili.

Kipimo cha ultrasaundi kilipita juu ya kovu, kikarudi, kikasimama.

"Dada, leo husafiri," binti alisema. "Kovu la ndani limekuwa jembamba kama ganda la kitunguu. Kwa mashimo ya barabara ile ya Mtae, lingepasuka njiani."

Adhuhuri ilimkuta chumba cha upasuaji, kiuno na miguu vimekufa ganzi. Nyuma ya pazia, mpasuaji alisimamisha kisu.

"Njoo uone," akamwita binti. "Mfuko wa uzazi sijaukata bado, na nywele za mtoto naziona kupitia kovu."

Saumu akafumba macho.

Mtoto akalia. Nje, honi ikalia pia.

"Basi lako hilo, dada. Na kanga yako."

"Iache iende, mdogo wangu," Saumu alisema, akiutafuta mkono wa binti. "Imenikalia mahali pangu."