Matone Kumi

Katika nyumba ile, bibi arusi hakwenda kwao kusalimia mpaka mvinyo wa kwanza wa mikono yake utiwe chupani, na mvinyo haukutiwa chupani mpaka dawa ya kuuhifadhi itoshe. Kila Jumamosi Melania aliteka glasi moja ya mvinyo pipani, akaichanganya na uji mwepesi wa wanga, akadondosha iodini huku akihesabu. Rangi ya buluu ikitokea kwenye tone la kumi, dawa imetosha. Ilitokea kwenye la sita. Aliongeza dawa, akafunika pipa, na wiki iliyofuata ikawa sita tena. Miezi minne sasa, na huko kwao mama yake hainuki kitandani.

Kinachoila dawa ni hewa, na pipa lililofunikwa halipati hewa. Ndiyo maana Jumamosi iliyopita alibandika unywele wake mmoja toka ukingo wa mfuniko hadi ubavuni mwa pipa, kwa uji uleule wa wanga, ukatike kama kuna anayelifunua.

Leo aliukuta umekatika.

"Mangapi, mwanangu?" mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni.

"Sita, mama."

"Basi bado. Mvinyo hauna haraka. Na mimi nimeshakuzoea."

Melania akatia dawa, akakoroga, akafunika. Kisha akapanda, akaketi juu ya mfuniko.

"Unafanya nini huko juu?"

"Naulinda, mama. Mpaka matone kumi."

Mama mkwe akavuta kigoda, akaketi kumwelekea. Wakatazamana. Miguu ya Melania ilining'inia, haikufika chini.