Mbege Isimwagike

"Baba, inama! Wamefika," Gladys alinong'ona, akimsukumia Mzee Antoni ndani ya banda la ng'ombe kama mtu anayeficha jogoo wa wizi.

Antoni aliinama, lakini kwa hasira. Kihamba, shamba la ukoo, ni chake, binti ni wake, na sebuleni, kwenye kiti chake, ndani ya koti lake la Jumapili, alikuwa amekaa mdogo wake Emilian!

Tatizo lilikuwa mikono. Tangu mwaka juzi ilikuwa ikitetemeka, na miguu ikimyumbisha hata kabla hajaonja pombe. Daktari wa Moshi alipeleka damu yake ng'ambo, jibu likarudi: ni kasoro ya kurithi, hulala kimya mwilini, uzee ukifika ndipo huamka. Na mabinti zake wote wanaibeba.

Sasa wazee wa Kibosho hawaposi kwa kubahatisha. Huuliza kama kuna kifafa kwenye ukoo, huuliza wazimu, kisha humkazia macho baba wa binti akinywa kata ya kwanza ya mbege, ile pombe ya ndizi. Mbege ikimwagika, wanabeba pipa lao na kurudi nalo.

"Julius mwenyewe anajua?" Antoni aliuliza.

"Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini."

"Anacheka ugonjwa wa mkwewe? Kijana hana adabu huyo!"

"Baba, nyamaza basi!"

Gladys akakimbilia ndani. Antoni akachungulia kati ya mbao. Kupitia mlango wa sebule alimwona Emilian akiinua kata, akainywa yote na kujipangusa midevu. Tapeli mkubwa.

Ikafuata zamu ya upande wa pili.

"Baba Julius!" mshenga aliita.

Aliyeitwa aliendelea kukagua dari.

"Baba Julius! Wewe!"

Mtu alimgonga kiwiko, ndipo mzee wa watu akashtuka na kuipokea kata. Aliinywa kwa mkono mmoja, mkono umetulia kama nguzo. Hata tone halikudondoka.

"Masikio hana, lakini mkono anao," Antoni aliguna kwa wivu.

Vigelegele vikalipuka. Posa imepita! Mkewe akampenyezea kibuyu na kata, akatoweka. Antoni akaanza kujimiminia, nusu katani, nusu kwenye majani ya ng'ombe, akicheka peke yake.

Mlango ukafunguka.

Alikuwa mzee mgeni ambaye wenzake walikuwa wamemwacha kwenye pikapu iliyowaleta. Alisimama akishikilia ukuta, akiitazama mikono ya Antoni. Neno moja tu la huyu, na Gladys hana ndoa.

"Mimi mkata majani tu hapa," alisema harakaharaka. "Wenyewe wako ndani."

Mgeni alijishusha kwa shida hadi chini, akainyoosha mikono yake miwili, nayo ikicheza kama ya Antoni, kuipokea kata, na mbege ikaruka hadi kwenye pembe za ng'ombe.

"Taratibu, mkwe wangu," alisema. "Na kiti changu mimi, humo sebuleni, amekikalia mdogo wangu."